Amri ya Nyusi

Nchi ninayoisimulia haipo, kwa hiyo asije mtu akanigongea mlango kuniuliza nilimaanisha nani. Haipakani na nchi yoyote, haina bahari wala reli, na wananchi wake hawafanani na nyinyi hata kidogo, isipokuwa kwa sura, tabia na namna ya kupanga foleni. Ni nchi nzuri. Nimezaliwa huko, nimezalia huko, na kusoma nimesomea huko huko, darasa la ngumbaru, jioni, baada ya kufunga genge langu la mboga.

Mgeni akifika, jambo la kwanza la kumweleza ni kwamba kwetu kusoma na kuandika ni mambo yanayoheshimiwa mno, kiasi kwamba wakubwa hawathubutu kuyagusa. Karani husoma na kuandika. Afisa husoma, lakini haandiki, huandikiwa na karani. Mkurugenzi hasomi wala haandiki, husomewa. Waziri hasomewi, huelezwa kwa ufupi kilichosomwa. Na Mkuu wa Nchi, Mungu amweke, yeye hudhaniwa kuwa anajua. Ukimkuta mtu ofisini ameshika gazeti mwenyewe unamwonea huruma: maskini, bado hajapandishwa cheo.

Waziri wetu wa Kusoma, Mheshimiwa Ridhaa Mapambo, alikuwa amefika juu hivi kwamba hata kusema alikuwa amepunguza. Wizara aliiendesha kwa nyusi. Akiinua nyusi, ni ndiyo. Akikunja uso, ni hapana. Akipiga miayo, suala linarudi kamatini. Pembeni yake alisimama Mwandishi wa Mheshimiwa, mama mmoja mwenye macho makali kama ya kuku anayetafuta chembe, na kazi yake ilikuwa kuutazama ule uso na kuandika ulichosema. Sheria ilikuwa wazi: amri ya nyusi hutekelezwa kabla ya jua kuzama. Ndiyo maana maafisa wengi walipendelea kumpelekea mambo baada ya magharibi.

*

Mwanangu anaitwa Sikudhani. Siku niliyoshikwa na uchungu wake, hospitali ya wilaya ilikuwa imefungwa kwa sababu ya sherehe ya kuifungua. Wauguzi wote walikuwa kwenye gwaride wamevaa glavu nyeupe. Nililala kwenye benchi la nje nikisikiliza hotuba kuhusu uzazi salama. Hotuba ilikuwa nzuri, sitaki kuwa mchoyo wa sifa, ila ilikuwa ndefu kuliko uchungu wangu. Mtoto alitoka wa bluu, akakaa kimya, akaja kulia watu walipopiga makofi.

“Ni mtindio wa ubongo,” daktari aliniambia baadaye, alipoona shingo haikazi na mikono inakwenda inakotaka yenyewe. “Alikosa hewa wakati wa kuzaliwa.”

“Na akili yake, daktari?”

“Akili ipo, mama. Ila mwili haumsikilizi.”

Nikaona ni kinyume kabisa cha wizara ninazozijua, ambako mwili wote unatii na akili ndiyo inayotafutwa. Nikambeba mwanangu, nikaenda zangu.

Ngumbaru nilikwenda naye. Alipokuwa mdogo nilimfunga mgongoni, alipokuwa mkubwa nikamweka kwenye kiti cha plastiki, mito huku na huku, na baadaye fundi wa kuchomelea akakitia kile kiti magurudumu ya baiskeli. Mwalimu wetu, Mwalimu Yusta, hakuwa na neno. Sikudhani alikaa mbele, kichwa kimeegemea bega, akitazama ubao kama wenzake wanavyotazama harusi.

Sasa jioni moja Mzee Chambuso, muuza mkaa, alisimamishwa kusoma ubaoni. Akasoma, akasoma, akafika mahali akachapia. Kabla Mwalimu Yusta hajafumbua mdomo, Sikudhani akacheka. Kicheko chake kinaanzia miguuni, kiti kizima kinatikisika. Mzee akarudia, akapatia, mtoto akanyamaza. Akasonga mbele, akachapia tena. Kiti kikatikisika.

“Huyu ananicheka mimi?” Mzee Chambuso akauliza.

“Anakucheka, tena ana haki,” alisema Mwalimu Yusta, chaki imemganda mkononi. “Mama Sikudhani, mtoto wako anasoma.”

Miaka yote ile! Mimi nikijikongoja na silabi, na yeye pale mbele ameshamaliza, anatusubiri.

Mwalimu Yusta akachukua shuka jeupe, akaliandika herufi kubwa na tarakimu kwa rangi, mstari chini ya mstari. Namna yake ni hii. Unaweka kidole kwenye mstari, unauliza, “Huu?” Akitaka, Sikudhani anainua nyusi. Asipotaka anafumba macho. Ukiupata mstari, unatembea herufi kwa herufi mpaka nyusi zinyanyuke tena. Unaiandika ile herufi pembeni, unaanza upya. Ni kazi ya subira kama kuchambua mchele wenye mawe. Na Mwalimu Yusta alikuwa na sharti moja tu, alilolisema kila jioni: “Usimmalizie neno. Hata kama unalijua. Ukimmalizia umemnyang’anya.”

Neno lake la kwanza tulilingoja mimi na darasa zima, wengine wamesimama juu ya madawati. Mimi moyoni nimeshajiandaa kwa “mama.” Herufi zikatoka taratibu, nikaziandika: CHUMVI.

“Chumvi?” nikasema. “Chumvi imefanya nini, mwanangu?”

Akaendelea: NYINGI.

Kumbe tangu aanze kula nimekuwa nikimlisha maharage yenye chumvi ninavyoipenda mimi, na hakuwa na wa kumshtakia. Darasa lilicheka hadi mlinzi akaja. Mimi nililia, na kesho yake nikapunguza chumvi.

Habari ikasambaa. Wazazi wengine wakaleta wao. Akaja Hamduni, kijana mrefu wa Mama Hamduni fundi cherehani, ambaye mikono humkimbilia kushoto yeye akitaka kulia. Huyo Mwalimu Yusta alimwekea sinia la mchanga, akagundua kwamba kiwiko chake kinatulia kuliko vidole. Hamduni akaandika kwa kiwiko, herufi kubwa kama mabakuli, na alipomaliza jina lake alikataa lifutwe. Sinia lile likalala na jina lake hadi kesho yake.

Lakini ngumbaru ni darasa la watu wazima, na saa zake ni za watu waliochoka. Usiku mmoja Sikudhani aliandika: NATAKA SHULE. YA MCHANA. YENYE WATOTO.

Basi hapo ndipo nilipoanza safari.

*

“Mama Sikudhani, mimi na mtoto sina ugomvi,” alisema Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi ya mtaani kwetu. “Mtoto mzuri, ana kicheko kizuri. Tatizo ni kalamu.”

“Kalamu ina nini, mwalimu?”

“Haishiki.”

Kwetu kuna kitu kinaitwa Mshiko wa Taifa. Kila asubuhi wanafunzi wote husimama mstarini, huinua kalamu juu kwa vidole vitatu vya mkono wa kulia, na kuapa kwamba wataishika hivyo maisha yao yote. Asiyeshika hivyo hahesabiwi kuwa anajua kuandika, hata akiandika. Mwaka mmoja kuna mtoto alivunjika kidole gumba akatangazwa mjinga mpaka mfupa ulipounga.

“Anaandika kwa macho,” nikasema.

“Macho!” Mwalimu Mkuu akatazama mlango kama mtu anayeogopa kusikika. “Dada yangu, mimi nina watoto wa kulisha. Nenda wizarani. Wakisema macho ni vidole, mimi nitampokea leo hii.”

Wizarani wakamtuma Mkaguzi, Bwana Fungameza. Alikuja darasani kwetu jioni na suti ya rangi ya chai, karani wake nyuma yake. Akasimama mbali kidogo na shuka letu, kama vile herufi zinaambukiza.

“Nani anaandika hapa?” akauliza.

“Sikudhani,” nikasema, kidole kwenye mstari.

“Mbona naona mkono wako?”

“Mkono wangu, Bwana Mkaguzi, maneno yake.”

Mwanangu alikuwa anaandika SHIKAMOO, adabu kwanza. Alipofika SHI, Bwana Fungameza akatazama saa. Alipofika SHIKA, akageuka.

“Imetosha. Pole, mtoto. Mtu ambaye maneno yake yanaandikwa na mkono wa mwingine hajui kuandika. Huo ni uamuzi wangu.” Akamgeukia karani wake. “Karani, niandikie hivyo.”

Karani akamwandikia.

Mwalimu Yusta alikohoa kikohozi ambacho mpaka leo sijui kama kilikuwa kikohozi.

*

Msifikiri wizara haikutuhurumia. Ilituhurumia sana. Zilitoka fedha za kuwasaidia watoto wetu, na fedha zile zikajengewa njia ya mteremko, ya saruji, laini, pana, yenye vyuma vya kushika vya rangi ya dhahabu. Ilijengwa katikati ya uwanja wa mpira wa ile shule. Ilianzia chini, ikapanda vizuri, ikaishia hewani, urefu wa kiuno cha mtu. Haikwenda mlango wowote. Nilimuuliza msimamizi wa ujenzi.

“Fungu la mteremko lilitoka, mama,” akanieleza kwa upole. “Fungu la mlango bado.”

Mbuzi waliufurahia kweli kweli. Na Mheshimiwa Ridhaa Mapambo mwenyewe akaja kuuzindua.

Siku hiyo watoto wetu waliamriwa kuwekwa mstari wa mbele, wavalishwe fulana zenye picha ya mteremko. Hamduni fulana yake ilimbana kwapani. Sikudhani aliandika, FULANA INAWASHA, nikamwambia vumilia mwanangu, ni ya serikali. Zikasomwa hotuba. Mheshimiwa aliketi kwenye kochi lililoletwa na lori, uso umetulia kama maji ya mtungi, na baada ya kila hotuba nyusi zilipanda kidogo, Mwandishi wake akasema kwa sauti ya juu, “Mheshimiwa ameandika kwamba ameridhika!” Na watu makofi.

Ikafika zamu ya wazazi kushukuru. Nikasimama.

“Mheshimiwa, shikamoo. Mimi shukrani zangu ni chache. Ila mwanangu ana neno, na ameomba aliseme mwenyewe.”

“Mheshimiwa, huyo hajui kuandika!” Bwana Fungameza akaruka. “Nimekwisha kumkagua. Ni huyu mama anayemfanyizia kwa kidole!”

Nadhani Mheshimiwa alikuwa amechoka na hotuba. Nyusi zikapanda.

“Mheshimiwa ameandika kwamba asikilizwe,” akatangaza Mwandishi wake. “Na ili kuondoa shaka, kidole awe nacho Mkaguzi.”

Niliona jasho likimchuruzika Bwana Fungameza mpaka kwenye kola. Ikabidi alishike lile shuka. Mwalimu Yusta akamwonyesha namna, mbele ya uwanja mzima, kwa sauti ile ile anayotumia kwa Mzee Chambuso. Mimi nikapelekwa kando, nikashikwa mikono na askari wawili nisije nikakonyeza.

Kidole kikaanza kutembea. Mtu yule hakuwahi kumngoja mtu yeyote chini ya cheo chake, na sasa alimngoja mtoto wa genge la mboga. Nyusi zikapanda. N. Kisha A. Kisha W.

“Na wizara tunaishukuru!” Bwana Fungameza akapiga kelele. Watu wakaanza makofi.

Sikudhani akafumba macho.

“Hapana, amekataa,” alisema Mwalimu Yusta. “Usimmalizie neno, Bwana Mkaguzi. Endelea.”

Kidole kikarudi. E.

“Na wema wa Mheshimiwa hatutausahau!”

Macho yakafumbwa, safari hii kwa nguvu, uso wote ukakunjamana. Kutoka nyuma Mzee Chambuso akapaza sauti, “Muache mtoto amalize, wewe! Unamnyang’anya!” Na uwanja ukanyamaza. Sijawahi kuusikia uwanja wa nchi yetu ukinyamaza bila kuamriwa. Wauza karanga walinyamaza. Mbuzi juu ya mteremko wakasimama wakitazama. Watu elfu na zaidi wakawa wanangoja mtoto wangu achague herufi, na kila herufi ilipotoka waliitamka wote kwa pamoja, polepole, kama ngumbaru. Hata waliokuwa hawajui kusoma walisoma.

Ilipokwisha, Bwana Fungameza aliisoma kwa sauti ya chini mno. Mwandishi wa Mheshimiwa akamwambia arudie.

“Na wewe,” akasoma, “huandikiwa na nani?”

*

Walijifungia ndani ya hema la wageni: Mheshimiwa, Mwandishi wake, Bwana Fungameza na Mwanasheria wa Wizara. Hema la turubai halifichi siri, nasi tulikuwa upande wa pili.

“Tuamue kwamba mtoto hakuandika,” alikuwa akisema Bwana Fungameza. “Ametikisa nyusi tu, mwingine ndiye aliyeandika!”

“Fikiri kabla ya kuropoka,” Mwanasheria akamjibu. “Kama anayetikisa nyusi akaandikiwa na mwingine hajaandika, basi Mheshimiwa hajaandika neno tangu ateuliwe. Amri zake zote ni batili. Mteremko huu haupo kisheria. Gari lake halipo. Na wewe, uteuzi wako ulitiwa nyusi mwezi wa nne. Bwana Fungameza, kisheria wewe sasa hivi ni mpita njia.”

Nikasikia kitu kama mtu anakalia ndoo.

Walipotoka, Mwandishi wa Mheshimiwa alipanda kwenye mteremko, mbuzi wakampisha, akatangaza kwamba wizara, baada ya uchunguzi wa kina, imethibitisha kuwa binti Sikudhani anaandika. Kelele zilizopigwa! Mama Hamduni alinirukia tukaanguka wote wawili. Mwandishi akangoja, akaendelea: na kwa kuwa anaandika kwa nyusi, namna ambayo nchini humu ni ya Waziri peke yake, basi kuanzia sasa anatambuliwa kuwa mwandishi wa ngazi ya Waziri, na heshima zote zinazoambatana na ngazi hiyo.

“Kwa hiyo ataanza shule Jumatatu?” nikauliza.

Mwandishi akanitazama kwa mshangao, kisha kwa huruma.

“Shule, mama? Umewahi kumwona mtu wa ngazi hiyo akienda kusoma? Tutakuwa tumemshusha cheo. Arudi nyumbani apumzike. Watu wa kumsomea wataletwa, fungu likitoka.”

Nimeishi miaka nikiambiwa mwanangu hafai kuingia shule kwa sababu yuko chini, na sasa haingii kwa sababu yuko juu. Nilipiga magoti mbele ya kiti chake. “Mwanangu, nimeshindwa,” nikamwambia. “Nisamehe.”

Yeye hata hakunitazama. Alikuwa anatazama shuka.

Mwalimu Yusta aliona kabla yangu. Akalitandaza, akaweka kidole, nyusi zikapanda, zikapanda tena. Jua lilikuwa limeshainama, linagusa mapaa. Herufi zikatoka moja moja na watu wakazisoma: MWALIMU MKUU NIPOKEE. NA HAMDUNI. NA WOTE.

“Anaomba,” alisema Bwana Fungameza.

“Haombi,” Mwanasheria akasema, akijifuta uso kwa tai yake. “Nyusi za ngazi ya Waziri haziombi. Hiyo ni amri.”

Wote wakageuka kutazama jua. Kisha wakamgeukia Mwalimu Mkuu. Kisha Mwalimu Mkuu akaanza kukimbia.

Shida ikawa mlango. Madarasa ya shule ile yana ngazi ndefu, za kukata pumzi, na mteremko uko kule uwanjani. Saruji haibebeki. Mwalimu Mkuu alizunguka pale akishika kichwa, jua linazama, mpaka Mzee Chambuso akamwambia, “Mwalimu, mteremko si umegoma kwenda darasani? Darasa liende mteremkoni.” Basi watu wakaingia darasa la nne wakatoa madawati, wakatoa ubao na bawaba zake, wakatoa hadi ramani ya nchi yetu. Wakaleta mbao na mapipa wakapanga jukwaa pale mteremko unapoishia hewani. Kiti cha Sikudhani kikasukumwa juu kati ya vile vyuma vya dhahabu, cha Hamduni nyuma yake, na wengine nyuma yao, na gurudumu la mwisho lilipanda jukwaani jua likiwa limebaki kipande cha ukucha. Mwandishi wa Mheshimiwa akaandika kwamba amri imetekelezwa. Mheshimiwa alikuwa ameshalala kwenye kochi.

Siku hizi pale pana kuta na paa, katikati ya uwanja. Mpira wanaucheza pembeni.

*

Jumatatu nilimpeleka, nikasema namfikisha tu, narudi. Sikurudi. Nilijibanza kwenye vyuma vya mteremko na genge langu sikulifungua.

Mwalimu wa darasa la nne ni kijana aliyetoka chuoni juzi, Mwalimu Lameck, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Nilimwona anavyolitazama lile shuka mara ya kwanza, nikamwona na hofu yake. Aliuliza maswali ya hesabu, akazunguka darasani, akafika kwa Sikudhani, akasita. Kisha akasema kama alivyowaambia wengine:

“Saba mara nane?”

Binti aliyeketi naye, Tabu, akaweka kidole kwenye mstari wa tarakimu. Darasa likangoja. Kuna mmoja nyuma alianza kunong’ona jibu, Hamduni akamtupia kiwiko. Nyusi zikapanda, kidole kikasogea, zikapanda tena. Tabu akasoma: hamsini na nne.

Mwalimu Lameck akalitazama shuka, akautazama ubao, akamtazama mwanangu usoni.

“Kosa,” akasema. “Hukujifunza jedwali la saba. Kalisome nyumbani, kesho nitakuuliza tena. Hamduni?”

Na akasonga mbele.

Niliangalia uso wa Sikudhani. Alikuwa amenuna, mdomo umembetuka, macho yanamchoma Mwalimu Lameck kisogoni. Tangu azaliwe kila mtu amemwambia pole. Daktari pole, majirani pole, wizara pole, hata Bwana Fungameza alipokuwa anamnyima shule alimwambia pole. Hakuna aliyewahi kumwona anaweza kiasi cha kumwambia amekosea.

Nilishuka ule mteremko nikikimbia, nikapita sokoni, na wa kwanza kukutana naye alikuwa Mama Hamduni.

“Shoga, Sikudhani kakosa hesabu!”

“Uuu, maskini. Pole, mwenzangu.”

“Pole ya nini?” nikamwambia. “Nipe hongera.”